Kila mzee ana zilizopendwa zake

Ni Jumapili alasiri. Chakula kimeliwa, vyombo vimeondolewa mezani na redio inacheza nyimbo za zamani. Vijana wanabishana kuhusu mpira, mama mwenye nyumba anamenya machungwa. Wimbo mmoja unaanza, na nyanya aliyekuwa akisinzia kwenye kochi anafumbua macho. Hasemi neno. Anatazama dirishani kana kwamba kuna mtu anayemsubiri langoni. Wimbo unapokwisha, anauliza kama chai ipo.

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi na mzee, au humtembelea mashambani wakati wa likizo, bila shaka umewahi kuona jambo kama hilo. Huenda ulidhani ni usingizi tu. Huenda mlitazamana na ndugu zako mkacheka. Lakini je, umewahi kujiuliza alikuwa wapi kwa zile dakika tatu?

Humu nchini muziki wa miaka ya hamsini, sitini na sabini tumeupa jina zuri. Tunauita zilizopendwa. Ni nyimbo za akina Fundi Konde, Daudi Kabaka na Fadhili William, ambazo wazee wetu walizicheza wangali na miguu mepesi. Na kama kuna nyimbo zilizopendwa, basi kuna pia watu waliopendwa, kabla baba hajamjua mama, na kabla wewe na mimi hatujazaliwa.

Makala haya yanawahusu watu hao: mchumba ambaye hakuolewa, barobaro ambaye hakurudi, mpenzi ambaye barua zake zilikoma kuja. Nia si kufukua ya kale ili watu wagombane. Nia ni kuonyesha kwamba mzee anapowakumbuka hafanyi uasherati, hana wazimu wala si mchawi. Jinsi jamaa zake wanavyozipokea kumbukumbu hizo inaweza kumpa utulivu, au ikamfungia katika upweke miaka yake ya mwisho.

Jambo hili si la familia chache. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimiza umri wa miaka 60 au zaidi walikuwa wamepita milioni 2.7. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na umri wa miaka 20.

KIZAZI KILICHOTENGANISHWA

Kijana wa leo akiachana na mpenzi wake, mara nyingi ni wao wawili walioamua, au mmoja wao. Wazee wetu wengi hawakuachana. Walitenganishwa.

Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwezi wa Aprili 1954, katika msako mkubwa jijini Nairobi ulioitwa Operation Anvil, watu zaidi ya 20,000 walikamatwa na kupelekwa katika kambi za vizuizi kama vile Manyani na Mackinnon Road. Kati yao walikuwamo vijana waliokuwa wameahidi kupeleka posa baada ya mavuno. Kijana aliondoka asubuhi kwenda kazini, jioni yuko juu ya lori, na msichana kule kijijini hakujua kama yu hai au amekufa.

Hali ya hatari iliendelea hadi Januari 1960. Miaka saba ni mingi kwa msichana ambaye wenzake wote wameolewa na ambaye kila jioni anaulizwa na wazazi anangoja nini. Kuna waliongoja. Kuna walioshindwa kungoja. Na kuna wanaume waliotoka kizuizini wakamkuta mchumba akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wakamsalimu kwa heshima, wakapita.

Wengine walitenganishwa na masomo. Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka kwenda Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo, na wengine walikuwa wamekwenda nchi za Ulaya ya Mashariki kwa msaada wa Jaramogi Oginga Odinga. Taifa lilifurahia wasomi wake. Lakini kila aliyepanda ndege aliacha watu nyuma. Barua za ndege, zile za karatasi nyepesi ya samawati, zilikuja kila mwezi, kisha kila Krismasi, kisha hazikuja tena.

Wengine walitenganishwa na umaskini. Si ajabu kwamba wimbo wa Kenya unaojulikana zaidi duniani, Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William na baadaye ukasambazwa na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ni kilio cha kijana ambaye angependa kuoa lakini hana mali. Watu wamebishana miaka mingi juu ya nani aliyeutunga. Hakuna aliyebisha kwamba kisa chake ni cha kweli, kwani katika kila kijiji kulikuwa na kijana aliyeshindwa na mahari, akasimama kando ya barabara kumtazama kipusa wake akipelekwa kwa mwenye ng'ombe.

Zaidi ya hayo kulikuwa na kabila, dini na ukoo. Msichana wa Kiislamu na mvulana Mkristo. Watoto wa jirani wawili mtaani Kaloleni au Shauri Moyo, waliocheza pamoja tangu utotoni, lakini wazazi wa huku hawakutaka kusikia lugha ya kule. Wengine waligundua, baada ya kupendana, kwamba babu zao walikuwa wa mbari moja. Baraza la wazee likakaa, neno likapita, na hapakuwa na rufani.

Tusisahau pia posta. Siku hizo hapakuwa na simu ya mkononi. Barua ilipitia sanduku la shule, la kanisa au la mwajiri, na ilisomwa na mwalimu mkuu au mjomba kabla ya mwenyewe. Mtu alikaa wiki sita akisubiri jibu, asijue kwamba barua yake ilitumiwa kuwashia jiko. Mapenzi mengi hayakufa kwa ugomvi. Yalikufa kwa bahasha moja iliyopotea.

MSIBA USIO NA MATANGA

Mtu akifiwa, watu hukusanyika. Majirani huleta sukari na kuni, viti hupangwa uani, na kwa siku kadhaa mfiwa huruhusiwa kulia mbele ya watu. Mila zetu zinajua kwamba huzuni ni mzigo unaohitaji mikono mingi.

Lakini aliyempoteza mpenzi bila kifo hakuwekewa matanga. Alitakiwa kuamka kesho yake kwenda kuteka maji. Na alipoolewa au alipooa mwingine, alitakiwa kunyamaza kabisa, maana kutaja jina la wa kwanza kungekuwa kumtukana wa pili.

Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya sabini kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam bila miili yao kupatikana. Aliona kwamba huzuni ya namna hiyo ni ngumu kuliko nyingine kwa sababu haina mwisho unaojulikana. Anayeombolezwa hayupo, lakini hajafa. Wazee wetu wengi wameishi na huzuni ya aina hiyo kwa nusu karne au zaidi, wakilima, wakilipa karo, wakilea wajukuu.

Umewahi kuona mzee anavyolisoma gazeti? Wengi huanza na ukurasa wa matangazo ya vifo. Tunadhani ni uoga wa kifo, na labda kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini wapo pia wanaotafuta jina. Siku moja ajuza hufungua ukurasa akakutana na picha ya mzee mwenye mvi na miwani, na chini yake orodha ya mke, watoto na wajukuu. Macho tu ndiyo hayajabadilika. Yeye hayumo katika orodha ile, wala hawezi kumwambia mtu. Hulikunja gazeti vizuri, akalitia chini ya mto. Jioni anasema hajisikii kula, nasi tunamtafutia dawa ya tumbo.

KWA NINI YA UJANANI HAYAFUTIKI

Vijana wengi huuliza: inawezekanaje mtu asikumbuke alipoweka miwani asubuhi, lakini akumbuke rangi ya gauni la mwaka wa 1963?

Wataalamu wa saikolojia wameliona jambo hili mara nyingi. Ukimwomba mtu aliyepita umri wa makamo akusimulie mambo ya maisha yake, sehemu kubwa ya atakayoyasimulia yatatoka katika miaka yake ya 10 hadi 30. Miaka hiyo huinuka kama kilima katikati ya tambarare.

Sababu zinazotolewa ni kadhaa. Kwanza, huo ni wakati wa mambo ya kwanza: safari ya kwanza mjini, mshahara wa kwanza, kumpenda mtu kwa mara ya kwanza. Jambo la kwanza huacha alama kuliko la mia. Pili, hapo ndipo mtu hujitambua yeye ni nani. Kwa hivyo anayemkumbuka mpenzi wa ujanani hamkumbuki huyo peke yake. Anajikumbuka yeye mwenyewe, siku ambazo hakuwa baba ya fulani wala nyanya ya fulani, bali msichana aliyesubiriwa njiani na mtu aliyekuwa na hamu ya kumwona.

Kuna wakati hata madaktari waliamini kwamba mzee anayerudia ya zamani ameanza kupungukiwa na akili. Mwaka wa 1963, daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alipinga wazo hilo. Alieleza kwamba mtu anapokaribia mwisho wa safari huyapitia maisha yake upya, akapima alichopata na alichokosa, ili apatane nayo. Kwa maoni yake hilo si ugonjwa bali ni kazi ya uzee, kama vile kutambaa kulivyo kazi ya utoto.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tumezoea kuitumia methali hii kumnyamazisha anayekumbuka. Lakini itazame tena, msomaji. Kama yaliyopita si ndwele, kwa nini tumfanye mgonjwa yule anayeyataja?

ANAPOITA JINA USILOLIJUA

Hata hivyo, kuna ugonjwa wa kweli ambao familia lazima ziujue. Ni ule wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee, na aina yake inayojulikana zaidi huitwa Alzheimer. Tangu karne ya kumi na tisa wataalamu wamegundua kwamba akili inapodhoofika kwa namna hii, kwa kawaida mambo mapya hutoweka mwanzo na ya zamani hukaa hadi mwisho. Mama anaweza kumsahau mjukuu aliyezaliwa mwaka jana, kisha mkwe, kisha hata mtoto wake wa kuzaa, huku akijiona yuko katika umri wa miaka 19.

Hapo ndipo jina lisilojulikana huweza kutajwa. Tuseme baba amefariki, na usiku mmoja mama anaamka, anavaa leso yake na kusema fulani anamngoja. Fulani huyo si baba. Watoto wanaganda. Mmoja analia kwamba kumbe baba alidanganywa miaka yote. Mwingine anamkemea mama kwa kuleta aibu. Mkaza mwana anashauri aitwe mhubiri.

Ndugu msomaji, yakikupata haya, usiyapime kwa mizani ya uaminifu. Mama hajamwacha baba. Ugonjwa umezifuta kurasa za mwisho za kitabu na kumrudisha katika sura ya kwanza, ambapo baba alikuwa bado hajaingia. Miaka 40 aliyompikia na kumuuguza baba ilikuwa ya kweli, na haifutwi na jina lililotajwa usiku mmoja.

Ufanye nini basi? Wahudumu wenye uzoefu wa kuwatunza wagonjwa hawa hushauri mambo machache.

Kwanza, usibishane naye. Kumwambia kwamba mtu huyo alikufa zamani hakumrudishi katika wakati wa leo. Kwake ni habari mpya ya msiba, naye atalia kama aliyefiwa sasa hivi. Kesho atasahau, umwambie tena, naye afiwe tena.

Pili, jibu hisia yake badala ya maneno yake. Mwulize, "Alikuwa mtu wa namna gani, mama?" Mketishe, mpe chai, mwache azungumze. Mara nyingi haja yake si kwenda popote. Haja yake ni kuwa na mtu karibu.

Tatu, mpeleke hospitalini. Kusahau kwa ghafla kunaweza kuletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa alizopewa, na hayo yana tiba. Usidhani kila kusahau ni uzee.

Nne, na hili ni la uhai na kifo: mlinde na maneno ya watu. Katika sehemu fulani za nchi, hasa Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mzee anayezungumza peke yake usiku, au anayewaita watu wasioonekana, huwa rahisi kushukiwa. Familia inayojua kwamba ni ugonjwa, na inayowaeleza majirani hivyo mapema, huenda ikawa imeyaokoa maisha yake. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na serikali.

MWENZI WA NYUMBANI ANAPOSIKIA

Je, kama mume au mke bado yu hai, naye anasikia? Hapa busara inahitajika pande zote mbili.

Kwa yule anayesikia, kumbuka kwamba unashindanishwa na mtu ambaye hakuwahi kuwa na madeni. Yule wa zamani hakuwahi kukoroma, hakuwahi kukosa karo, hakuwahi kurudi nyumbani amelewa siku ya mshahara. Hakuzeeka, kwa sababu kumbukumbu hazina mvi. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza, na miaka 50 ya kukumbuka hutengeneza hata hilo kengeza likawa jicho zuri. Yule anayekumbukwa hayuko popote duniani, hata kama mwenye jina angali hai. Ya nini basi kumwonea wivu?

Kwa yule anayekumbuka, ni jambo moja kuikumbuka njia uliyopitia, na ni jambo jingine kabisa kuigeuza fimbo ya kumchapia mwenzako. "Ningeolewa na fulani nisingekuwa katika taabu hii." Neno hilo likitamkwa mbele ya watoto, linamvunjia heshima mtu aliyekula nawe chumvi miaka yote. Tena si kweli. Hujui ungekuwa wapi. Huenda fulani naye amekaa barazani kwake, akimwambia mkewe maneno hayo hayo kukuhusu wewe.

Wapo wazee waliolipatia jambo hili ufumbuzi mzuri. Waliambiana mapema, wangali vijana, nani alikuwapo kabla. Leo wimbo wa zamani ukipigwa, mzee humtania mkewe kwamba mtu wake ameimba, na wote wawili hucheka. Siri iliyotolewa nje mapema haina sumu uzeeni.

NG'OMBE HAZEEKI MAINI

Kuna wasiotosheka na kukumbuka. Mume amefariki, au mke, watoto wamehamia mjini, na shaibu anaanza kuulizia fulani anaishi wapi siku hizi. Siku hizi si vigumu kumpata. Simu ya mjukuu ikitumiwa dakika kumi inaweza kupata jina ambalo zamani lingehitaji safari ya siku mbili kwa basi.

Watoto hushtuka. Wengine huona aibu, wengine hufikiria shamba. Lakini sheria haioni aibu hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 imeweka umri wa chini wa kuoa na kuolewa, ambao ni miaka 18, na inataka wahusika wakubaliane kwa hiari. Haikuweka umri wa juu. Wahenga walijua hilo kabla ya bunge, ndiyo maana wakasema ng'ombe hazeeki maini.

Mtaalamu wa saikolojia wa California, Nancy Kalish, aliyetoa kitabu juu ya suala hili mwaka wa 1997, aliwachunguza watu zaidi ya 1,000 waliorudiana na wapenzi wao wa zamani. Wengi walieleza kwamba hapo mwanzo walitenganishwa na wazazi. Waliokuwa huru, yaani wajane na waliokwisha kuachana na wenzi wao, wengi walipata furaha. Lakini aliwaonya sana wale walio katika ndoa, kwamba salamu za kujifurahisha tu zinaweza kuwasha moto wasiotarajia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa aliye huru, mashauri ni haya. Atume kwanza mtu mwenye busara akaulize hali, kwani huenda yule mwingine ana ndoa yake, au amefariki. Aende mchana, akiandamana na mtu. Wala asitume pesa kwa yeyote anayejidai kwa simu kuwa ndiye yule wa zamani kabla hawajaonana ana kwa ana, maana matapeli wanajua vyema thamani ya upweke. Kabla ya kufunga ndoa, azungumze na wakili kuhusu mali, kisha awaite watoto awaambie mwenyewe. Watoto wakiyasikia hayo kutoka kwa majirani, hata jambo jema litaonekana baya.

KWAKO WEWE MWANAFUNZI

Huenda unasoma haya ukidhani hayakuhusu. Nyanya na babu zako wanajua historia ambayo haimo katika vitabu vya mtihani. Kitabu kitakwambia watu wangapi walikamatwa mwaka wa 1954. Nyanya anaweza kukwambia msichana alifanya nini siku ya pili yake.

Likizo ijayo, kaa naye. Usimwulize mbele ya watu wengi, wala usianze kwa kicheko. Mwulize walicheza muziki gani, walikutana wapi na wenzao, barua ziliandikwaje. Mwombe akuonyeshe picha za zamani na akutajie majina ya walio ndani yake. Akifika mahali akanyamaza, nawe nyamaza. Akitaka kuendelea ataendelea. Na atakalokwambia kwa siri, usilipeleke kwa shangazi.

Utafaidika pia katika mambo yako mwenyewe. Kijana aliyeachwa juzi huona kwamba dunia imekwisha na kwamba kesho haina maana. Mbele yake ameketi mtu ambaye dunia yake iliwahi kwisha vilevile, na bado akalima, akajenga, akazaa, akacheka, na leo anauliza chai iko wapi. Hakusahau. Aliishi tu na asichosahau. Hakuna hotuba ya mwalimu inayoweza kukufundisha hilo.

Wazazi nao wana somo lao. Leo mnapomkataza binti kuolewa na mtu wa kabila fulani, au kumdai kijana mahari asiyoiweza, kumbukeni kwamba mnachokikata hakiishi siku hiyo. Mtakuwa mmekwisha kuzikwa, naye akiwa na umri wa miaka 80 atakuwa bado analijua jina lile.

Nasi sote tujiandae kwa siku moja. Ipo siku mzee wako atakunja gazeti na kusema angependa kwenda mazishini, mahali mbali, kwa mtu ambaye hujawahi kusikia akitajwa. Gharama ya nauli itakuwa kubwa, magoti yake yatakuwa yanauma, na utatamani kumwuliza, "Huyo alikuwa nani wetu?"

Usimwulize. Mtafutie koti lake, mshike mkono, umpeleke. Mkifika, msimame nyuma pamoja na wageni wengine, na akitaka kukaa mpaka watu wote waondoke, mngojee.